Kwa nini fomu ya kifo ina mistari minne, na mtu hufa mara moja tu?

Kabla ya cheti cha kifo kuna karatasi nyingine ambayo ndugu wa marehemu huwa hawaitazami sana: fomu anayojaza daktari. Sehemu ya sababu ya kifo ina mistari (a), (b), (c) na (d). Yote ya nini?

Zamani jibu lilikuwa neno moja. London ya karne ya 17, parokia ilimlipa bibi kizee akautazame mwili, awahoji wafiwa, kisha apeleke habari kwa karani. Katika orodha za wakati ule wamo waliokufa kwa "uzee" na hata watoto waliouawa na "meno", eti kwa kuwa walikuwa wanaota meno. John Graunt, mfanyabiashara aliyezichambua orodha hizo mwaka 1662, alilalamika kwamba kikombe cha pombe na ujira maradufu vilitosha kumfanya bibi ashindwe kutofautisha kukonda kwa kifua kikuu na kukonda kwa ugonjwa wa zinaa. Aibu ya familia ilisitirika, hesabu ikaharibika.

England ilianza usajili wa vifo wa kiserikali mwaka 1837, na sheria ya 1874 ikamtaka daktari aliyemtibu marehemu aandike sababu na kutia saini. Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Lakini daktari mmoja anaandika "moyo kusimama" (nani aliwahi kufa moyo wake ukidunda?), mwingine anataja magonjwa matatu. Karani ahesabu lipi?

Mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipozaliwa, orodha ya kimataifa ya magonjwa ilirekebishwa kwa mara ya sita, na pamoja nayo ikaja fomu moja kwa nchi zote. Inamtaka daktari arudi nyuma hatua kwa hatua. Tuseme mgonjwa amefariki kwa sumu kuenea kwenye damu: hiyo ni (a). Ilitoka wapi? Kidonda cha mguu kilichooza, (b). Na kidonda? Kisukari, (c). Kinachoingia kwenye takwimu kama sababu ya msingi ni kisukari, maana huko ndiko ambako kifo kingezuiliwa. Magonjwa yaliyochangia tu, mfano shinikizo la damu, yana sehemu yake ya pili. Mstari wa (d) uliongezwa baadaye, katika marekebisho ya kumi.

Kenya, aliyefia hospitalini hujaziwa fomu D1. Aliyefia nyumbani huandikiwa D2 na naibu wa chifu, ambaye si daktari. Naye hana budi kuwauliza wafiwa: alikuwa akiumwa nini?