Patterson wa Greenfield: kutoka gari la farasi hadi basi la shule

Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilijaa viwanda vidogo vya magari. Wenye navyo walikuwa mafundi baiskeli, wahunzi na waundaji wa magari ya farasi, na vingi vilikufa vikiwa bado vichanga. Kimoja kati ya viwanda hivyo, C.R. Patterson & Sons cha mji mdogo wa Greenfield, jimboni Ohio, hutajwa mara nyingi kwa sababu moja: wenyewe walikuwa Wamarekani weusi, na walitengeneza gari lenye jina lao. Ni sababu nzito. Lakini sisi tunaofundisha historia ya ufundi tuna jingine la kuongeza kuhusu karakana hii, nalo linaanza baada ya gari hilo kushindwa sokoni.

Mwanzilishi, Charles Richard Patterson, alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1833. Akiwa Greenfield alishika kazi ya uhunzi, na mwaka 1873 akaingia ubia na mzungu aliyeitwa J.P. Lowe kuunda magari ya farasi. Mwaka 1893 alinunua fungu la mwenzake, biashara ikawa ya familia. Waliuza aina nyingi za magari, yakiwemo ya madaktari waliozunguka kutibu wagonjwa majumbani.

Kazi hiyo si ya kuidharau. Chini ya paa moja walihitajika seremala, mhunzi, fundi ngozi na fundi rangi. Chukua gurudumu peke yake: pete ya chuma huchomwa motoni hadi itanuke, huvishwa juu ya mbao ikingali ya moto, kisha humwagiwa maji ili ijikaze na kubana kila kijiti mahali pake. Ukikosea kipimo kidogo tu, pete hulegea au mbao hupasuka. Watu wenye mikono ya namna hii ndio Frederick Douglas Patterson aliowarithi kutoka kwa baba yake, Charles, alipofariki mwaka 1910.

Frederick alikuwa msomi. Mwaka 1891 alichezea timu ya futiboli ya Kimarekani ya Ohio State University, akiwa mweusi wa kwanza kufanya hivyo, kisha akafundisha shule huko Louisville, Kentucky, kabla ya kurudi nyumbani kushika biashara. Aliona farasi anaondoka barabarani. Hakukurupuka: karakana ilianza kwa kupokea magari ya watu ya kutengeneza, ikipaka rangi na kushona viti upya, huku mafundi wakizoea injini na umeme wake.

Mwaka 1915 likatoka Patterson-Greenfield. Lilikuwa na injini ya silinda nne ya kampuni ya Continental yenye nguvu za farasi 30, stata na taa za umeme, na kioo cha mbele kilichogawanywa ili kupitisha hewa. Bei ilikuwa dola 850. Idadi ya magari yaliyotengenezwa hukadiriwa kati ya 30 na 150, kila moja likiungwa kwa mkono.

Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Tangu mwaka 1913 Henry Ford alikuwa na mstari wa kuunganishia unaosogea katika kiwanda chake cha Highland Park, na muda wa kuunga chasisi moja, yaani fremu ya gari yenye injini na magurudumu, ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Kufikia mwaka 1916 gari lake la Model T liliuzwa chini ya dola 400. Patterson alikuwa na gari zuri kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, na mtaji wake haukutosha kununua vipuri kwa wingi ili aishushe. Ubaguzi ulimbana mfanyabiashara mweusi pande nyingi, hilo halina ubishi, lakini hata viwanda vidogo vya wazungu vilikatwa na makali hayohayo ya bei. Mwaka 1918 Patterson aliacha kuunda magari madogo.

Uamuzi uliofuata ndio ninaouhesabu kuwa wa busara kuliko gari lenyewe. Mwaka 1920 biashara ilijipanga upya kwa jina la Greenfield Bus Body Company. Sasa walichukua chasisi zilizotengenezwa na wengine, zikiwemo za Ford, na kuzijengea bodi za mabasi na malori. Abiria wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua biashara hii vizuri: chasisi hutoka kiwandani, bodi hujengwa gereji. Injini na gia akaachiwa Ford ahangaike nazo, na mafundi wa Greenfield wakabaki na mbao, bati, viti na rangi, yaani kazi waliyoijua tangu enzi za farasi. Wateja wao wakubwa wakawa shule zilizohitaji mabasi ya wanafunzi.

Gari dogo liliishi miaka mitatu. Mabasi yaliendelea kwa karibu miaka 20. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza mwaka 1929 oda zilipungua, Frederick akafariki mwaka 1932, na watengenezaji wakubwa wakaingia kwenye mabasi yenye bodi za chuma kitupu. Kampuni ilifungwa mwaka 1939. Magari yao ya farasi kadhaa bado yapo, lakini hakuna Patterson-Greenfield hata moja linalojulikana kusalia. Mwaka 2021 Charles na Frederick waliingizwa katika Automotive Hall of Fame, jumba la kuwaenzi watu mashuhuri wa magari, jimboni Michigan, humohumo alimowekwa Ford.