Je, wajua kwa nini mwili hutengeneza radikali huru kwa makusudi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba radikali huru ni taka tu zinazovuja pale seli zinapotumia oksijeni, na kwamba mtu mwenye busara huziondoa kwa vidonge vya vitamini. Nusu ya imani hiyo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonipotosha. Jina nalo halisaidii, kwani zipo tafsiri zinazoziita "itikadi kali", kana kwamba ni suala la siasa.

Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, ilhali elektroni kwa kawaida hukaa mbili mbili. Hutokea ndani ya mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, na pia huletwa na moshi wa sigara au mionzi.

Ubaya wake uko katika namna madhara yanavyoambukizana. Chukua ukumbi uliojaa, kila mtu na kiti chake, kisha aingie mmoja asiye na kiti. Humsukuma jirani na kuketi. Yeye ametulia, lakini aliyesukumwa sasa amesimama, naye anamsukuma anayemfuata, hadi safu nzima inavurugika kwa sababu ya kiti kimoja. Hivyo ndivyo mafuta ya utando wa seli yanavyoharibika, molekuli moja ikiinyang'anya nyingine elektroni. Vitamini E ni mfano wa mtu anayekubali kuachia kiti chake na kubaki amesimama kwa utulivu bila kumsumbua yeyote, mpaka vitamini C imletee kingine. Mvurugo huweza pia kukoma radikali mbili zinapokutana na kuunganisha elektroni zao, ingawa hapo mfano wangu wa viti unapwaya.

DNA ikidhurika kwa njia hii, saratani inaweza kuanza. Mafuta ya damu yakioksidishwa, yaani yakinyang'anywa elektroni, huchangia kuziba kwa mishipa. Katika maradhi ya ubongo kama Alzheimer dalili za uharibifu huo huonekana, lakini kuonekana mahali pa tukio si kuwa mkosaji, na huenda radikali ni matokeo ya ugonjwa kuliko chanzo chake.

Hesabu ya vidonge ilionekana rahisi mpaka ilipopimwa. Nchini Ufini, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini, kirutubisho cha karoti ambacho mwili hukigeuza vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Jaribio jingine la Marekani, lililowahusisha wavutaji sigara na watu waliofanya kazi penye asbesto, lilisitishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu inayofanana na hiyo. Matokeo haya yanahusu vidonge vya dozi kubwa, hasa kwa wavutaji. Hayahukumu matunda na mboga.

Nilichokuwa nimekosa ni kwamba mwili una matumizi nazo. Seli nyeupe za damu zinapomeza bakteria hutumia kimeng'enya maalumu kuzalisha radikali kwa wingi ili kumuua, na watu wanaozaliwa na hitilafu katika kimeng'enya hicho huandamwa na maambukizi ya bakteria na kuvu. Nitriki oksidi, ambayo hulegeza mishipa ya damu na ambayo ugunduzi wa kazi yake ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998, nayo ni radikali huru. Utafiti wa mwaka 2009, mdogo kwa idadi ya washiriki, uliona kwamba waliofanya mazoezi huku wakimeza vitamini C na E hawakupata nafuu waliyoipata wenzao katika namna mwili unavyoitikia insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, kana kwamba vidonge vilikuwa vimezima ujumbe ambao misuli ilikuwa ikiutuma.

La ajabu zaidi liko puani mwetu. Molekuli ya oksijeni ya kawaida ina elektroni mbili zisizo na wenza, hivyo kwa ufafanuzi uleule nayo ni radikali, ila ni pole kuliko nyingi za jamii yake. Ukiigandamiza na kuipoza hadi iwe kimiminika, kisha ukaimimina kati ya ncha za sumaku yenye nguvu, hunata hapo na kuning'inia.