Kabla ya kuleta sampuli ya protini, ondoa chumvi

Malalamiko yameongezeka kwamba maabara yetu ya spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, inarudisha sampuli bila kuzipima. Ndugu watafiti, hatuzirudishi kwa kiburi. Nyingi huja ndani ya bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya fosfeti yenye chumvi, na humo hakisomeki kitu. Kila ioni ya sodiamu, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, inayokalia nafasi ya haidrojeni huongeza uzito wa daltoni 22 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu ya haidrojeni). Kwenye fungamano kubwa la protini, yaani vipande kadhaa vya protini vilivyoshikamana, haikai moja. Hukaa nyingi, kila molekuli na idadi yake, na kilele cha uzito kwenye grafu kilichotakiwa kusimama chembamba kama sindano kinakuwa kilima.

Hamishia sampuli kwenye amoniamu asetati ya milimola 200 kwa lita, pH karibu na 7, kwa kichujio cha sentrifuji, mara mbili. Matone yakikauka, amoniamu asetati hupaa, sodiamu haipai. Tunahitaji maikrolita 20 zenye maikromola 5 hadi 10 kwa lita, za fungamano zima, si za kipande kimojakimoja. Gliseroli isiwemo. Halafu wapo wanaotimiza yote haya, kisha wanarekebisha pH kwa sodiamu haidroksaidi! Tumia amonia, tafadhali. Sampuli ikikataliwa mara ya kwanza, unasubiri siku 14. Mara ya pili, unapanga foleni upya. Ikiziba mashine, gharama ya kuisafisha inabebwa na mradi wako.

Tunaulizwa pia: uzito umeshapatikana, kupima mwendo wa ioni kuna faida gani? Uzito hausemi umbo. Vipande vinne vikipangana kwa mstari au kwa mraba, uzito ni uleule. Fikiria wachukuzi wawili Kariakoo wenye mizigo ya kilo sawa, mmoja mfuko wa saruji, mwingine godoro. Wa godoro atagongana na kila mtu. Ndani ya mashine, umeme husukuma ioni kupita kwenye gesi, mara nyingi naitrojeni. Kwa chaji ileile, iliyojikunja hutangulia na iliyotanuka huchelewa kwa milisekunde chache.

Na hili la kwamba protini ikitoka majini lazima isambaratike, tumelisikia vya kutosha. Mwaka 2005 mkemia Carol Robinson na wenzake walichapisha vipimo vya TRAP, protini ya bakteria yenye vipande 11 vilivyopangana kama pete. Bila maji, ioni zake zenye chaji chache zilibaki na ukubwa unaolingana na pete yenye tundu. Zenye chaji nyingi ziliporomoka. Ndiyo maana tunapima kwa volti za chini, ili tusiziporomoshe sisi wenyewe, na hatutoi jibu kwa kutazama chaji moja. Hata hivyo, ukubwa tutakaokupa ulinganishe na muundo uliopatikana kwa eksirei ya fuwele za protini au kwa hadubini ya elektroni. Peke yake hauthibitishi muundo, na ripoti yetu haitaandika kwamba umethibitika.

Kwenye fomu, jaza uzito unaotarajiwa wa kila kipande. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, sampuli haiingii kwenye ratiba.