Kuacha ugali hakukupi pumzi ya marathoni

Alfajiri za wikiendi pale Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, wakimbiaji hupeana ushauri huu: acha wali na ugali, mwili uzoee kuchoma mafuta, utakimbia bila kuchoka. Nusu yake ni kweli, ndiyo maana unawanasa wengi.

Mwili ukinyimwa wanga kwa wiki kadhaa, kweli huchoma mafuta mengi zaidi. Na akiba ya mafuta ni kubwa hata kwa mtu mwembamba, ilhali wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama gramu 500 tu. Tatizo ni oksijeni. Kwa nguvu ileile, mafuta hudai oksijeni nyingi kuliko wanga. Ukikimbia taratibu huenda usione tofauti. Ongeza kasi, utahema.

Mtafiti wa lishe ya michezo Louise Burke na wenzake nchini Australia walilipima hili kwa wanamichezo mahiri wa kutembea kwa kasi, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Baada ya wiki 3 za mazoezi, waliokula mafuta mengi na wanga kidogo sana walichoma mafuta kwa kiwango kikubwa mno, lakini muda wao wa kilomita 10 haukuboreka. Wenzao waliokula wanga waliboreka.

Anayetaka kupunguza uzito ana hesabu nyingine, na mwenye kisukari anayetumia dawa aongee kwanza na daktari wake. Lakini wewe unayejiandaa kwa kilomita 42 za marathoni ya Moshi, usiku wa kuamkia mazoezi marefu kula ugali wako ushibe, na njiani beba tende au ndizi mbivu.