Kabla ya kuuliza bei ya nyumba, uliza anayeuza ni nani

Minada ya korosho ikishaanza na malipo ya wakulima kuingia benki, nyumba na viwanja huuzwa haraka huku Kusini mwa Tanzania. Baada ya hapo ndipo watu hufika ofisini kwetu kutafuta msaada wa kisheria. Mnunuzi anakuja na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa, pesa ameshatoa, na anataka kujua jambo moja tu: nyumba ni yangu au si yangu?

Karatasi ile inathibitisha kwamba mlikubaliana na pesa ikatoka. Ni ushahidi muhimu, maana Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa mauziano uwe wa maandishi. Ila kwa nyumba yenye hati, Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, inataka uhamisho usajiliwe. Mpaka usajiliwe, kwenye daftari la Msajili wa Hati mwenye nyumba ni yule yule aliyekuuzia. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri kwa sababu anawajua majirani na mipaka, lakini hana mamlaka ya kuhamisha milki. Akikutajia asilimia 10 ya bei kuwa ni haki ya ofisi, muombe kwa heshima akuonyeshe sheria inayosema hivyo, na chochote utakachotoa udai risiti ya serikali.

Mara nyingi maandishi yenyewe huwa safi kabisa. Ununuzi unaharibikia kwa mtu aliyetia saini.

Tuanze na ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hati kuwa na jina la mmoja wao hakubadilishi kitu. Hapa wazee wangu wengi hukasirika: "Nimejenga kwa korosho zangu mwenyewe, mke anaingiaje?" Anaingia kwa kuwa hapo ndipo nyumbani kwao, na bunge liliamua hivyo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imemgeukia mnunuzi pia: ni wajibu wako kuulizia kama ridhaa ipo, na kwa mwenye wake zaidi ya mmoja sheria inawataja wenza kwa wingi. Kwa hiyo ukiambiwa "mama watoto yuko Newala kwao, nitamwambia akirudi", subiri arudi. Au fomu ya ridhaa impate hukohuko, aisaini mbele ya wakili. Naye mke aliyesikia fununu kwamba nyumba inauzwa anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, na uhamisho hautasogea hadi zuio lile lishughulikiwe.

Mirathi ndiyo inayotuletea mashauri magumu zaidi. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo umehesabiwa tangu zamani kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa mtu akifariki. Sauti hiyo ina heshima yake kwenye kikao cha ukoo. Lakini muhtasari wa kikao, hata ukisainiwa na wajomba wote, haumpi mtu uwezo wa kuuza nyumba ya marehemu. Mwenye uwezo huo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, muulize fomu namba 4, yaani ile ya uteuzi, kisha nenda mahakamani hapo uhakikishe kwamba haijafutwa na mirathi haijafungwa. Zungumza na warithi pia, hasa wajane na mabinti, maana hao ndio husahaulika kikaoni na ndio hutokea baadaye na madai ya haki.

Mipaka ya miji nayo ina mtego wake. Ukitoka nje ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani kuelekea Ziwani au Nanguruwe, sehemu kubwa ni ardhi ya kijiji, na sheria yake ni nyingine: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Huko uhamisho unahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti peke yake si halmashauri. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila kibali hicho ni batili, na mnunuzi aliyekwisha kujenga msingi hupata shida kweli kurudishiwa chake. Mgeni asiye mwanakijiji, yule anayetoka Dar es Salaam kwa mfano, aombe kuuona muhtasari wa kikao cha halmashauri kabla ya kutoa hata shilingi.

Kuna wanaouza kwa bei ya juu kwa maelezo kwamba "chini kuna gesi". Tangu bomba la gesi lijengwe nimeyasikia haya Mtwara, na Lindi nayo ina watu wake wanaotegemea mradi wa gesi wa Likong'o. Tafsiri ya ardhi kwenye sheria imeacha nje madini na mafuta ya petroli, gesi ikiwemo. Unanunua ardhi, gesi hununui. Na wenye hamu ya kiwanja cha pwani Shangani au Mikindani wakumbuke mita 60 kutoka ukingo wa bahari, zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Kwa kiwanja chenye hati, kabla ya malipo omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Upekuzi huo utaonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio kama vipo. Angalia pia deni la kodi ya pango la ardhi. Pesa ipite benki, na sehemu ya bei ibaki mpaka kibali cha uhamisho kitoke. Dalali atanung'unika, mwache.

Kuhusu kodi, muuzaji mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida, na mnunuzi ushuru wa stempu unaokaribia asilimia 1 ya bei. Nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi haitozwi kodi hiyo ya faida kama faida yenyewe haivuki shilingi milioni 15. Wengi hukubaliana kuandika bei ndogo ili kupunguza. Mnunuzi ndiye anayeumia: siku akiuza yeye, gharama yake kwenye kumbukumbu ni ile ndogo, na faida itaonekana kubwa kuliko alivyopata.

Mgogoro ukishatokea, tangu mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ilimradi thamani ya mali haizidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza.