Ladha ya tumbaku kwenye vepu: maswali ya vijana wa Mwanza

Vijana kadhaa wa Kirumba na Igoma walioacha sigara sasa wanajichanganyia chumbani maji ya vepu, yaani ya sigara ya kielektroniki. Maswali yao nimeyaandika kama walivyoyauliza.

Sigara nimeacha, ila ladha yake bado naikumbuka. Nichague ladha gani ya tumbaku?

Hongera kwa kuacha, si kazi ndogo. Vepu haiunguzi jani, kwa hiyo sumu nyingi za moshi hupungua. Kupungua lakini si kwisha, na ukichanganya mwenyewe unaweza kurudisha sumu kwa mlango mwingine.

Chupa iliyoandikwa "tumbaku" mara nyingi haina tumbaku ndani. Ni kemikali zenye harufu ya karanga za kukaanga, vanila, karameli na asali. Pua ikizikuta pamoja inasema hiyo ni sigara. Baadhi ya ladha hizi, hasa zile laini zenye harufu ya siagi, hubeba daiasetili, kemikali inayotoa ladha hiyo ya siagi. Kwenye chakula haina neno. Kuivuta ndiko kuliko na hatari: mwaka 2000, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu baada ya kuvuta mvuke wa ladha ya siagi kazini. Vijia vidogo vya hewa vilipata makovu, na makovu hayo hayatibiki.

Kwa hiyo sina ladha ya kukupendekezea.

Arki ya keki je? Imeandikwa ni salama kwa chakula.

Ni salama kwa tumbo. Unachokila hupita tumboni na kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Unachokivuta huingia kwenye damu moja kwa moja, na kisichoyeyuka hubaki palepale kwenye mapafu.

Mbaya kuliko zote ni arki zenye mafuta. Matone ya mafuta yakitua kwenye mapafu huleta nimonia ambayo dawa za kuua bakteria haziiponyi. Marekani ililiona hili mwaka 2019: kufikia Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, kati yao waliokufa ni 68. Kilicholaumiwa zaidi ni asetati ya vitamini E, mafuta yanayopakwa ngozini bila madhara, ambayo wauzaji wa mitaani waliyatia kwenye maji ya vepu yenye bangi.

Asali na sukari nazo usitie. Zikiungua kwenye koili, ule waya unaopasha moto maji ya vepu, hutoa fomaldehaidi, gesi yenye sumu.

Basi niloweke tumbaku halisi, ile ya Kahama?

Waulize wanaoilima. Anayevuna majani yenye umande bila kujikinga hutapika na kushikwa na kizunguzungu, maana nikotini hupenya ngozi. Jani ukiliweka kwenye glisirini, kile kimiminika kizito cha kuchanganyia maji ya vepu, linatoa nikotini usiyoweza kuipima nyumbani, na pamoja nayo nitrosamini, zilezile zinazoleta saratani kwa wanaotumia ugoro na tumbaku ya kutafuna.

Glisirini ya dukani inafaa?

Ile ya kupaka ngozi, hapana. Hata glisirini ya viwandani imewahi kuchanganyika na diethilini glaikoli, sumu inayoua figo. Mwaka 2022 watoto wengi Gambia walikufa kwa dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na sumu hiyo. Chumbani kwako hutaitambua kwa macho wala kwa harufu.

Nikotini ikimwagika, au mtoto akiinywa?

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Nikotini kali ya kuchanganyia huweza kuwa na miligramu 100 katika mililita moja. Kijiko cha chai kinachukua mililita 5, na mtoto mdogo anaweza kufa kwa chini ya hapo. Na ikishatiwa ladha, hunukia kama pipi.

Ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa, osha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Usingoje dalili pia. Kutapika, mate mengi, jasho na kutetemeka huanza haraka, na degedege huweza kufuata. Mjini mkimbize hospitali ya Bugando au Sekou Toure. Kama mko Ukerewe au Kome, msingoje kivuko, anzeni na kituo cha afya kilicho karibu. Chupa nendeni nayo, daktari aone kilichoandikwa.