Bakteria mwilini si mara 10 ya seli zetu

Kuna ujumbe haukomi kuzunguka kwenye magrupu: eti kwa kila seli 1 ya binadamu kuna bakteria 10. Si kweli. Makadirio ya mwaka 2016 yanaonyesha bakteria trilioni 38 hivi kwa seli trilioni 30. Wanakaribiana, na huo bado ni wingi wa kustaajabisha. Piga hesabu mwenyewe: gramu 1 ya kinyesi ina bakteria bilioni 100 hivi, na utumbo mpana hubeba gramu 400 hivi, yaani bakteria trilioni 40 hivi. Hesabu ya zamani iliyoleta 10 kwa 1 ilichukulia kwamba njia nzima ya chakula imesongamana bakteria kama utumbo mpana. Hata kipimo cha DNA ya vijidudu vya kinyesi huwachanganya watu: peke yake huonyesha aina za vijidudu na uwiano wao, si idadi kamili. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.